Mfanyabiashara Ugenini: Barabara, Chakula na Desturi za Guangzhou

Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za safari ambayo siku hizi hufanywa na watu wengi wa Afrika ya Mashariki, si wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tu, bali hata wa miji midogo ya bara. Nayo ni safari ya kwenda Guangzhou, katika nchi ya Uchina, kununua bidhaa za kuuza. Wasomaji wetu wengi hawajafika huko, walakini vitu vya Uchina vimekwisha kuwafikia: kandambili, taa, sufuria, vigae vya sakafu, vitambaa, na pengine hata kalamu anayoandikia mwanafunzi. Nyuma ya bidhaa hizo aghalabu yuko mtu aliyefunga safari, akalala katika hoteli ya ugenini, akavuka barabara asizozizoea, akala chakula asichokijua, akapatana bei na mtu ambaye hawajuani lugha.

Tumtwae, kwa mfano, mama mmoja mwenye duka la vyombo vya nyumbani katika mji wa Morogoro. Rasilmali aliyo nayo si yake peke yake. Sehemu ni akiba yake ya miaka mingi, sehemu ni mchango wa kaka zake, na sehemu ni mkopo wa benki, ambao nyumba ya familia imewekwa rehani kwa ajili yake. Ana siku kumi na mbili tu za kukaa Guangzhou. Wanaomsindikiza humwombea apate bei nzuri, na dua hiyo ni njema. Lakini tukichunguza jinsi wanunuzi wanavyopata hasara huko, twaona kwamba mara nyingi bei siyo mwizi mkubwa. Fedha hupotea katika siku iliyoliwa na barabara, katika “ndiyo” ambayo haikuwa ndiyo, katika kidole kimoja kilichosomwa vibaya, au katika karamu ambayo mgeni aliikataa akidhani kwamba kula si kazi. Ndiyo sababu twaona yafaa kueleza mambo hayo, si kwa kujifurahisha, bali kwa kuwa ni sehemu ya biashara yenyewe.

Guangzhou ni mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini ya Uchina, nao umekaa juu ya Mto wa Lulu, karibu na bahari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakazi wake walipita milioni 18. Si mji mgeni kwa wafanyabiashara wa bahari yetu. Waarabu wa zamani waliuita Khanfu, na kitabu chao kimoja cha mwaka 851 chaeleza kwamba Waislamu waliofanya biashara huko walikuwa na mwamuzi wao wenyewe, aliyewekwa na mtawala wa Uchina ili akate mashauri yao. Kitabu hicho hicho chataja majani ambayo Wachina huyatilia maji ya moto na kuyanywa, yaani chai, karne nyingi kabla haijaingia katika vikombe vyetu. Kwa upande wetu, aendaye Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ataona makaburi ya kale yenye nguzo ambazo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina, watu wakamstaajabia sana.

Siku hizi wanunuzi wengi huvutwa na maonyesho makubwa ya bidhaa yaliyoanza mwaka 1957. Hufanywa mara mbili kila mwaka, kwanza katika Aprili na Mei, kisha katika Oktoba na Novemba, na kila mara hugawanywa vipindi vitatu, kila kipindi na aina zake za bidhaa. Vyombo vya nyumbani vina kipindi chao, ambacho kwa desturi ni cha pili. Naye afikaye katika kipindi cha kwanza atakuta mashine na vitu vya umeme, na sufuria hatazipata ila akitafuta katika masoko ya mjini. Basi hesabu ya safari huanza nyumbani, kabla ya kukata tiketi.

Jambo la kwanza la kuzoea ni saa. Guangzhou wametangulia saa tano mbele yetu. Ikiwa huko ni saa sita za adhuhuri, Morogoro ni saa moja asubuhi, watu ndio kwanza wanywe chai. Huenda mwanafunzi akaona kwamba hilo ni jambo la somo la jiografia tu, lakini kwa mnunuzi ni jambo la fedha. Benki ya kwetu ifunguapo milango yake, huko jua limekwisha kupita utosini. Na kwetu kufikapo adhuhuri, benki za huko zinafunga. Kwa hiyo saa ambazo pande zote mbili zi wazi ni chache sana, na fedha iliyohitajiwa leo jioni yapaswa kuombwa jana.

Mgeni pia anatakiwa na sheria ya Uchina aandikishwe kwa polisi kabla ya saa 24 kupita tangu alipofika. Akikaa hotelini, hoteli humwandikisha. Lakini akikaribishwa nyumbani kwa jamaa au rafiki, yeye mwenyewe au mwenyeji wake hana budi kufanya kazi hiyo, na pasipoti yake sharti awe nayo kila atokapo. Wako waliolipuuza jambo hili kwa sababu ya kuokoa kodi ya hoteli, wakalipa faini kubwa kuliko kodi yenyewe.

Sasa tuje kwenye barabara. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda magari yetu hupita upande wa kushoto, na tangu utotoni tumefundishwa kutazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, ndipo tuvuke. Uchina magari hupita kulia. Maana yake ni kwamba gari la kwanza la kumgonga mtu hutoka kushoto, upande ambao macho yetu hayakuzoea kuanza nao. Shingo ya mtu mzima ni ngumu kufundishwa upya kwa siku moja. Dawa ni moja tu: kusimama, kutazama pande zote mbili bila kuamini mazoea, na kuvuka pamoja na wenyeji penye mistari myeupe.

Hata hapo kwenye mistari myeupe yako mambo mawili ya kujua. La kwanza, gari linalopinda kulia kwa kawaida huruhusiwa kupinda hata taa ya mbele yake ikiwa nyekundu, kwa hiyo mtu aliyewashiwa taa ya kijani aweza kukuta gari likimjia ubavuni. Dereva amepaswa kumpisha, na wengi humpisha. Lakini mwenye mguu ndiye mwenye kuumia, basi na atazame. La pili ni pikipiki za umeme. Pikipiki za petroli zilikatazwa katika mji huo tangu mwanzo wa mwaka 2007, na msafiri aliyezoea kelele za bodaboda hushangaa kuona mji mkubwa namna ile hauna mngurumo wao. Walakini mahali pao wamekuja wapandaji wa vipikipiki vya umeme, maelfu kwa maelfu, wakipeleka vyakula na vifurushi kwa haraka. Na vyombo hivyo havina sauti. Sisi tumezoea kusikia hatari kabla ya kuiona. Huko hatari huja kimya kama paka, na mara nyingine hupita juu ya njia ya watu wa miguu, hata nyuma ya mgongo wako. Anayetembea akihesabu fedha au akitazama simu atajuta.

Katika masoko ya jumla, barabara za pembeni hujaa vikokoteni, mabunda yaliyofungwa kwa utepe, na wapagazi wanaopiga kelele watu wawapishe. Mtu wa Kariakoo hatapotea hapo. Fujo hiyo ni ndugu wa fujo aijuayo. Lakini kinachomdanganya ni ukubwa. Soko moja laweza kuwa jumba la ghorofa nyingi lenye vijiduka mamia kwa mamia, na soko la pili analolitaka laweza kuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima au zaidi. Wenye uzoefu husema kwamba miadi miwili kwa siku yatosha, mmoja wa asubuhi na mmoja wa alasiri. Atakayepanga minne atafika mahali pote akiwa amechoka na amechelewa, na mtu aliyechoka hapatani bei vizuri. Tena wakati wa adhuhuri, kati ya saa sita na saa nane, viwanda vingi na ofisi nyingi hupumzika. Wafanyakazi hula, kisha hulaza vichwa vyao juu ya meza wakalala kidogo, wala hilo si uvivu kwao. Mgeni afikaye saa hiyo hupoteza muda wake na kuwaudhi waliolala.

Njia iliyo bora ya kusafiri ndani ya mji ni gari la moshi la chini ya ardhi, ingawa tumeliita la moshi kwa mazoea tu, maana ni la umeme na moshi hauonekani. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997, na sasa reli zake zimepita kilomita 600, zikifika mpaka uwanja wa ndege na mpaka mji jirani wa Foshan, ambako wanunuzi wengi hufuata vigae na samani. Kila abiria mzigo wake hupitishwa katika mashine ya ukaguzi. Asubuhi na jioni watu hubanana kama dagaa mkoboni, lakini sakafuni pamechorwa mishale, abiria wanaoshuka wapite katikati na wanaopanda wasimame kando. Majina ya stesheni huandikwa pia kwa herufi tunazozijua, na kila njia ina nambari yake na rangi yake, hata mtu asiyejua neno la Kichina aweza kusafiri peke yake siku ya pili.

Kwa teksi sivyo. Dereva wa kawaida hajui Kiingereza, wala jina la hoteli kama tulitamkavyo sisi halina maana masikioni mwake, kwa sababu kila jina lina jina lake la Kichina. Kwa hiyo kabla ya kutoka, mgeni humwomba karani wa hoteli kadi iliyoandikwa anwani kwa herufi za Kichina, na anwani ya kila kiwanda anachokwenda huandikiwa vivyo hivyo. Kadi hiyo ya bure ina thamani kuliko kamusi. Na anayekwenda mji mwingine kwa treni za kasi aangalie sana jina la stesheni: Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa, nayo ile ya Kusini iko mbali na katikati ya mji. Milango ya kupandia hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, wala hakuna mlinzi wa kubembelezwa.

Tuje sasa kwenye chakula, ambacho wasafiri wengi hukiogopa kuliko magari. Kwanza tuseme habari za kuwaliwaza. Watu wa Guangdong ni walaji wa wali kama sisi. Asubuhi hunywa uji wa mchele uliopikwa mpaka punje zikavunjika, na pamoja nao hula mkate mrefu uliokaangwa katika mafuta, ambao bila shaka ni jamaa wa andazi, ila hauna sukari. Mboga zao hupikwa upesi juu ya moto mkali pamoja na vitunguu saumu, zikabaki mbichi kidogo. Na katika mboga hizo mtu wa Morogoro atakuta mchicha, na atakuta hata matembele, yaani majani ya viazi vitamu, yameletwa mezani katika sahani ya heshima. Tumewasikia watu waliosema kwamba siku walipokula matembele huko ndipo walipoacha kuuona mji kuwa mgeni.

Walakini Mwislamu, na kila asiyekula nguruwe, hana budi kuwa mwangalifu sana, na hapa pana jambo la lugha linalofaa kujulikana. Kwa Kichina neno la nyama ni “rou”. Lakini likitajwa peke yake, bila jina la mnyama, mwenyeji huelewa nguruwe. Kwa hiyo mgeni aombaye “nyama tu” ameomba nguruwe bila kujua. Nyama ya ng’ombe huitwa “niurou”, ya kondoo au mbuzi “yangrou”, na ya kuku “jirou”. Hata hivyo mafuta ya nguruwe yaweza kuwamo katika mboga au supu ambayo haikuonyesha nyama yoyote. Njia ya salama ni kutafuta mikahawa yenye herufi mbili zisomwazo “qingzhen”, maana yake chakula halali. Mingi ni ya Wahui, Waislamu wa Kichina, ambao mbele ya macho ya mnunuzi huukanda na kuuvuta unga wa ngano kwa mikono mpaka ukawa nyuzi ndefu za tambi, wakazitia katika mchuzi wa ng’ombe. Bei yake ni ndogo na bakuli lake ni kubwa. Katika mtaa wa Xiaobei iko pia mikahawa ya watu wa nchi nyingine, na Kiswahili chaweza kusikika katika meza zake.

Lakini mnunuzi hatakula peke yake siku zote. Mwenye kiwanda akiona kwamba mgeni ana nia, atamwalika mezani. Na huku ndiko kwenye kazi kubwa. Wako wageni wanaojibu, “Ahsante, sina njaa, tuendelee na hesabu,” wakidhani wanaonyesha bidii. Kwa mwenyeji jibu hilo lina maana nyingine: kwamba mtu huyu anataka vitu vyangu lakini hataki kunijua. Mkataba ni karatasi, na karatasi husafiri polepole kati ya Uchina na Morogoro kukitokea ugomvi. Kinachomfanya mwenye kiwanda arudishe simu, atengeneze upya bakuli zilizopasuka, au aseme kweli kwamba kazi imechelewa, aghalabu ni kuona haya mbele ya mtu aliyekula naye.

Mwaliko wa watu wa Guangzhou mara nyingi ni wa asubuhi, nao huitwa “kunywa chai”, ingawa chai ni mwanzo tu. Vijisahani na vikapu vidogo vya mianzi huletwa kimoja kimoja, ndani yake vitu vilivyopikwa kwa mvuke: vifuko vya unga vyenye kamba wa baharini, vibunda vya nyama, maandazi meupe laini, hata miguu ya kuku. Vingi vina nguruwe, basi na aulize kila kikapu bila kuona haya. Mwenyeji mwema hufurahi kuulizwa kuliko kumwona mgeni amekaa na njaa. Kabla ya kula, wenyeji huosha bakuli na vijiti vyao kwa chai ya moto ya kwanza na kuimwaga katika bakuli kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo. Mgeni asiinywe! Mtu akimtilia mwenzake chai, yule aliyetiliwa hugonga meza polepole kwa ncha za vidole viwili, ndiyo shukrani yake. Husimuliwa kwamba mfalme mmoja wa zamani alisafiri akijificha kama mtu wa kawaida, akawatilia chai watumishi wake. Nao, wasiweze kumsujudia mbele za watu, walipiga magoti kwa vidole. Hatuna haja ya kuisadiki hadithi hiyo, lakini alama yenyewe ni ya kweli, na mgeni anayeijua huchekewa kwa furaha meza nzima. Birika likiisha, haliiti mtu kwa kelele. Kifuniko huachwa wazi kidogo, na mtumishi huona.

Vijiti vya kulia vina adabu zake. Visisimikwe wima katika bakuli la wali, kwa sababu hivyo ndivyo ubani unavyosimamishwa kwa ajili ya wafu. Visielekezewe mtu. Asiyeviweza aombe kijiko, si aibu. Mwenyeji huchukua kipande kizuri na kukiweka katika bakuli la mgeni, kama mama wa kwetu amwongezavyo mgeni wali bila kumwuliza. Na kama kwetu, bakuli tupu huwa ni ombi la kuongezwa, kwa hiyo aliyeshiba abakize kidogo. Samaki huonyeshwa mgeni akiwa mzima ndani ya maji kabla hajapikwa, na watu wengi wa pwani ile hawamgeuzi mezani akiisha kuliwa upande mmoja, wakiogopa mfano wa chombo kupinduka baharini. Mvuvi wa Bagamoyo hatawacheka. Kulipa ni kazi ya aliyealika, nao hushindana kulipa. Mgeni ajitolee mara moja, akubali kushindwa, kisha siku nyingine aalike yeye.

Pombe kali huletwa wakati mwingine, na kikombe huinuliwa kwa kila mtu. Asiyekunywa aseme mapema kwamba dini yake au afya yake hairuhusu, ainue kikombe cha chai badala yake. Kukataa kwa upole tangu mwanzo hakumchukizi mtu. Kukubali cha kwanza na kukataa cha tatu ndiko kunakoleta maneno.

Katika kupatana bei, lugha ya wote ni mashine ndogo ya hesabu. Muuzaji huandika bei, mnunuzi huifuta na kuandika yake, mpaka wakutane. Njia hiyo ni nzuri kuliko vidole, na tueleze kwa nini. Wachina huweza kuhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, nao mkono wenye kidole gumba na kidole cha shahada vilivyonyooshwa ni nane. Mgeni huona vidole viwili, akasoma mbili. Fikiri mtu aliyeagiza katoni elfu akidhani bei ya sufuria ni 12, kumbe ni 18! Vivyo hivyo kipimo cha uzito kinachotajwa sokoni mara nyingi si kilo bali ni “jin”, ambayo ni nusu kilo, karibu na ratli waliyoitumia wazee wetu. Aliyeona chai kuwa rahisi sana aulize kwanza bei ni ya kipimo gani.

Nambari nne huogopwa, kwa kuwa sauti yake yakaribia neno la kifo, hata majumba mengine hayana ghorofa ya nne. Na nane hupendwa, kwa kuwa yafanana na neno la kutajirika. Saa ya ukutani isitolewe zawadi, maana maneno ya “kutoa saa” husikika kama kumzika mtu. Kahawa ya Kilimanjaro ni zawadi isiyo na mashaka, itolewe kwa mikono miwili, kama kadi ya jina itolewavyo na kupokelewa.

Lililo gumu kuliko yote ni neno “hakuna tabu”. Ukimwuliza mwenye kiwanda kama bidhaa zitakuwa tayari kabla ya Ramadhani, atajibu hakuna tabu. Ukimwuliza kama rangi itakuwa hii hii, hakuna tabu. Hasemi uongo kwa kusudi. Kwake kumwambia mgeni “haiwezekani” usoni ni kumvunjia heshima, basi humpa jibu la adabu na kutumaini mambo. Sisi Waswahili tunajua jambo hili kuliko tunavyokiri: ni mara ngapi tumesema “inshallah, kesho” hali twajua? Kwa hiyo swali lisiwe la ndiyo au siyo. Mnunuzi aulize: kazi hii itachukua siku ngapi, chuma chatoka wapi, ni maagizo ya nani yaliyo mbele ya langu? Majibu ya maswali hayo yana hesabu ndani yake. Kisha achukue sampuli mbili zilizo sawa, zitiwe sahihi ya wote wawili, moja ibaki kiwandani na moja iende hotelini. Kosa likionekana, asimkemee mwenye kiwanda mbele ya wafanyakazi wake. Amwite kando, aweke sampuli mezani, aache ile sampuli iseme. Mtu aliyeaibishwa mbele za watu wake hatengenezi kosa, hutafuta kulilipa.

Tena kuna mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Wafanyakazi kwa mamilioni hurudi makwao, na viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa. Maagizo yaliyotolewa kabla tu ya sikukuu hiyo hulala mpaka watu warudi.

Hatungependa msomaji adhani kwamba mambo ya huko ni mepesi kwa Mwafrika siku zote. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na hoteli, wengine wakalala nje, na mabalozi wa nchi za Afrika waliandika malalamiko kwa serikali ya Uchina. Idadi ya Waafrika wanaoishi huko ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya hapo. Kwa hiyo aendaye awe na nambari za simu za ubalozi wa nchi yake, na wa nyumbani wajue hoteli aliyofikia. Wajue pia kwamba WhatsApp kwa kawaida haifunguki katika mtandao wa huko, wasije wakafanya matanga kwa sababu mama amekuwa kimya siku mbili. Malipo madogo, hata ya bakuli la tambi, hufanywa kwa simu. Tangu mwaka 2023 mgeni aweza kuunganisha kadi yake ya benki na programu za malipo za Kichina, na yafaa afanye hivyo kabla ya kuondoka kwao.

Imebaki kulipa. Desturi ya wengi ni kutanguliza sehemu 30 katika mia ya bei, na 70 zilizobaki kulipwa bidhaa zikiisha kukaguliwa, kabla ya kupakiwa. Mama wa Morogoro, akiwa na siku kumi na mbili, huenda asiwepo siku ya kupakia. Basi mtu anayemwamini, au mkaguzi wa kulipwa, afungue katoni chache zilizochaguliwa huku na huku, si zile za mbele ambazo kiwanda kimezipanga, alinganishe na sampuli ile ya hotelini, asimame mpaka kontena lifungwe, na aandike nambari ya lakiri iliyotiwa mlangoni. Safari ya bahari mpaka Dar es Salaam ni ya mwezi mmoja hivi au zaidi. Lakiri ikifika bandarini na nambari ile ile, sufuria zilizomo ndizo zilizohesabiwa.